Nyanya za Maji ya Baraka

Watu wa Kola wana midomo. Ukimkuta mmoja wao atakuambia kwamba mimi nilipigana na nyanya nikashindwa. Uongo mtupu! Sikupigana na nyanya, nilipigana na ukungu, na ukungu wenyewe nilioupiga ukapigika. Kilichonishinda ni kitu kingine, na kwa kuwa kila mtu anakisimulia vibaya, leo nitakisimulia mwenyewe na mtu asinikatize.

Jina langu ni Winfred, ila huku wananiita Mama Mwendwa. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kilimo hai, watu kumi na wanne, Wakatoliki tisa na Waprotestanti watano, na wote nilikuwa nikiwaogopesha sawasawa. Sheria za kikundi nilizitunga mimi. Sheria kubwa ilikuwa hii: dawa yoyote iliyopikwa kiwandani, iwe ya wadudu, iwe ya magugu, iwe ya ukungu, haiingii shambani. Ukipatikana nayo, shamba lako linatolewa kwenye orodha miaka mitatu, na kibao cha kijani kwenye lango lako kinang'olewa.

Mtu wa kunibishia alikuwa Musili, mzee mwenye shingo ndefu na maneno marefu kuliko shingo. Mwaka juzi nilimng'olesha kitalu kizima cha vitunguu kwa sababu alichovya miche kwenye dawa ya ukungu. Tangu siku hiyo hakuna mkutano uliopita bila yeye kuinua mkono.

"Mwenyekiti, ukungu si mdudu," alisema mara moja. "Hauna macho, hauna mama. Ukiuua umemkosea nani?"

"Umeukosea udongo," nikamjibu. "Kwenye udongo kuna ukungu mwingine mzuri, unaolisha mizizi. Dawa yako haisimami kuuliza huyu ni wa nani."

"Na mrututu? Mrututu umeuruhusu. Nao unanunuliwa dukani, nao unaua ukungu."

"Mrututu ni shaba, unatoka ardhini. Na hata huo tunaupima kwa kijiko, kwa sababu ukizidi unakaa kwenye udongo hautoki."

"Kwa hivyo sumu ya kuchimbwa ni sawa, sumu ya kupikwa ni dhambi."

"Musili, keti."

Akaketi. Kusema kweli swali lake lilikuwa zuri, na lilinisumbua wiki nzima nikiosha vyombo. Lakini mwenyekiti anaanzaje kusema hivyo mbele ya watu?

Sasa nikuambie habari ya Levi, mume wangu. Zamani Levi alikuwa mpiga dawa hodari. Alikuwa na pampu ya mgongoni ya rangi ya samawati, akiiosha kila Jumamosi na kuipangusa kwa kitambaa laini, mimi akiwa hajanipangusia hata kiti. Nilipoingia kilimo hai nilimwambia achague, mimi au pampu. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda, lakini mwishowe akaipeleka pampu kwa mtu, akaibadilisha na kuku wawili, akarudi macho yamemwiva.

Tangu hapo akawa muumini kunishinda. Siku za soko mjini Machakos, mteja akiuliza kama kweli nyanya zetu hazina dawa, Levi anavimba. "Unamjua aliyezipanda? Mke wangu hawezi kudanganya hata jani!" Anasema hivyo kwa sauti, watu wakigeuka. Mimi najifanya naona haya, kumbe moyoni nimenenepa. Kwa hivyo ielewe vizuri hofu yangu. Kiti cha mwenyekiti ni mbao tu, hata kikichukuliwa nitapata pengine pa kukalia. Niliyemwogopa ni Levi. Levi asijue, basi.

Maana mwezi wa Julai ulikuja na baridi ya kukunja watu. Mawingu yalishuka kutoka vilimani yakakaa juu ya nyanya zetu siku tisa, na siku ya kumi nikaona jani la kwanza jeusi. Wakulima huku ugonjwa huo wa ukungu tunauita baridi, kwa sababu ndiyo inayouleta. Ukiingia Jumatatu, Ijumaa unazika.

Nilifanya kila kitu kilichokubaliwa. Nilikata majani yaliyougua nikayachoma. Nilinyunyiza majivu. Nilinyunyiza maji ya kitunguu saumu mpaka shamba likanuka kama hoteli. Nilinyunyiza maziwa, paka wa kijiji kizima wakahamia kwetu. Nikapiga mrututu mpaka kiwango changu cha msimu kikaisha, kijiko cha mwisho nikakikwangua kwa ukucha. Weusi ukaendelea kutembea. Mistari miwili ikaanguka, ukaja wa tatu. Levi alikuwa akizunguka huku akizisemesha nyanya kwa upole, "Jikazeni, mama yenu anajua anachofanya."

Aiya! Mama yao hakuwa anajua lolote.

Jumamosi nilimwambia Levi naenda kumwona dada yangu, nikaenda Katangi, huko Yatta, mbali ya kutosha. Nilijifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi, nikavaa miwani ya jua, siku isiyo na jua. Nikaingia duka la dawa za shamba na kuomba kwa sauti ya chini dawa ya ukungu, ile kali.

Mwenye duka akaniangalia. "Mama, wewe si yule wa kilimo hai? Uliyekuja kutufundisha hapa sokoni mwaka jana?"

"Huyo ni pacha wangu."

"Pacha wako alinishikia hii pakiti hivi, akaniambia nauza sumu."

"Ndiyo maana hatusalimiani," nikamwambia. "Nipe mbili."

Nyuma ya pakiti kulikuwa na maandishi. Nilisoma yote, kwa sababu mimi si mjinga: baada ya kunyunyiza, usivune wala usile kabla ya siku saba kuisha. Nikapiga hesabu yangu. Ukaguzi wa kikundi ulikuwa bado wiki tano. Ningepiga mara mbili, ugonjwa ukome, siku zipite, mvua ioshe, nami nirudi kuwa mtu mwema kama zamani. Mtu mwema anaweza kwenda likizo fupi, ama vipi?

Kilichobaki kilikuwa pampu, na pampu ilikuwa imegeuka kuku wawili. Kuazima sikuweza, angalia mwenyewe, mwenyekiti wa kilimo hai akibisha mlangoni kuazima pampu! Basi Jumapili alasiri, Levi akiwa mazoezi ya kwaya, nilikoroga dawa kwenye ndoo, nikakata tawi lenye majani mengi, nikawa nachovya na kurusha, nachovya na kurusha, mstari kwa mstari. Nilijifunga skafu puani, nikatembea polepole nisijimwagie.

Ikafanya kazi. Uchungu wa kukubali! Ugonjwa ulisimama kama umewekewa ukuta. Nyanya za majirani zinaanguka, zangu zinasimama. Jumapili iliyofuata nikarudia, na hapo ndipo nikakamatwa.

Nilikuwa mstari wa nne, mkono wa kulia juu na tawi, mkono wa kushoto na ndoo, niliposikia mtu anakohoa. Ni Kavindu, jirani yangu, mwenye kitambulisho cha umbea cha kuzaliwa nacho. Amesimama kwenye ua wa miti, mdomo wazi. Nilishtuka hata nikajikuta nimefanya ishara ya msalaba.

"Mama Mwendwa," akanong'ona, "hayo ni maji ya baraka?"

Mungu anisamehe. Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu, na shingo ya mtu ikiinama kila mmoja anaisoma anavyotaka. Kavindu alipiga goti pale pale kwenye matope, akasema amina, akaondoka mbio.

Kufikia Jumatatu asubuhi Kola nzima ilikuwa inajua kwamba Mama Mwendwa amezinyunyizia nyanya maji ya baraka kwa tawi, vile padri hufanya kanisani, na zimepona. Wanawake walikuja na vibuyu na chupa za soda kuomba kidogo. Mmoja alitaka ya kabeji, mwingine ya mbuzi, na mwingine aliuliza kwa aibu kama yanafaa kwa mume. Niliwaambia yamekwisha. Wakaona yale madoa meupe yaliyokauka juu ya majani, wakashikana mikono. "Ni chumvi," Kavindu akawaeleza. "Padri hutia chumvi kidogo anapobariki maji." Kavindu alikuwa na majibu ya kila kitu, sikuhitaji hata kudanganya, nilisimama tu pale kwangu nikidanganyiwa.

Na Levi? Levi alilia. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Na mimi nilikuwa nimeanza kuwa na shaka, Mama Mwendwa. Nisamehe." Yeye ananiomba mimi msamaha! Nilitaka ardhi ya Kola, yenye mawe hivyo, ipasuke inimeze.

Musili alisikia naye. Musili ni wa upande wa Waprotestanti, na habari hizo zilimkera kwa njia mbili. Akaitisha mkutano wa dharura jioni hiyo hiyo, ambao sheria zinamruhusu mwanachama yeyote kuuitisha. Sheria za nani? Zangu.

"Nimesoma orodha ya vitu vinavyokubaliwa," Musili akaanza, na karatasi mkononi. "Kuna majivu. Kuna maziwa. Kuna mrututu kwa kipimo. Maji ya baraka hayamo."

"Maji ni maji!" akapaza sauti Kavindu.

"Kama ni maji tu, mbona yameponya? Na kama yana nguvu, basi ni dawa. Na kama ni dawa, nani ameipima? Inakaa siku ngapi kwenye udongo?"

Watu wakachachamaa. Mmoja akasema dawa ya kiroho haina mabaki. Mwingine akauliza kama itaua ule ukungu mzuri unaolisha mizizi, au kama baraka hujua kuchagua. Waprotestanti wakalalamika kwamba wao wataachwa nyuma, watauza nyanya za kawaida wenzao wakiuza zilizobarikiwa. Mzee mmoja akapendekeza kila dhehebu lipewe mistari yake. Nami nilikuwa nimeketi mbele, mwenyekiti, nikiendesha mjadala huu kwa uso mkavu.

"Ukaguzi ufanywe sasa," Musili akamalizia. "Tusingoje wiki zilizobaki. Tufanye Jumatano."

Jumatano! Nilihesabu vidole chini ya meza. Kutoka Jumapili hadi Jumatano ni siku tatu. Nikapinga, nikasema kuna mahindi ya kupukuchua, nikasema mgongo unaniuma. Aliyenimaliza ni Levi. Alisimama kifua mbele, "Waje hata kesho! Mke wangu hana cha kuficha." Wakapiga makofi, wakapiga kura, ikapita.

Sasa hapa lazima uelewe ukaguzi wetu ulivyo. Hatuna mashine ya kupima kemikali. Tunatembea shambani, tunachungulia stoo, halafu mwisho tunafanya kitu tunachokiita kuuma: mwenye shamba, au mtu wa nyumba yake, anachuma kitu pale pale mbele ya wote na kukila bila kuosha. Kama umepiga dawa, utaogopa tumbo lako. Mwenye vitunguu anauma kitunguu. Mwenye pilipili mwaka jana aliuma pilipili, akalia hadi kamasi, lakini alipita. Wazo hilo lilikuwa la nani? Usiniulize.

Jumatano wakaja wote kumi na watatu. Walitembea mistari yote. Musili aliinama akanusa jani, akalitazama doa jeupe, akanitazama mimi, akanyamaza, na kunyamaza kwa Musili ni kitu cha kutisha. Stoo wakakuta jembe, majivu na paka wawili waliokataa kurudi kwao. Ikabaki kuuma.

"Mwenyekiti, karibu," akasema Musili.

Nilichuma moja nyekundu. Nikaishika. Nikaigeuza. Nikasema hii naona imeguswa na ndege, nikachuma nyingine. Nikasema labda tuanze na sala. Tukasali, sala ndefu, niliiongoza mwenyewe nikawaombea hadi madereva wa malori ya Mlolongo. Tukasema amina, na nyanya bado iko mkononi, na macho ishirini na sita yako juu ya mdomo wangu. Nikasema, "Leo nimeamka tumbo si zuri."

Minong'ono ikaanza. Nikamwona Musili anavuta pumzi ya kusema.

Levi akaniwahi. Aliitwaa ile nyanya mkononi mwangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo. "Mke wangu ni mgonjwa na bado mnamsimamisha juani," akawaambia. "Mimi ni mtu wa nyumba yake. Mtazame." Na akauma. Hakuuma kwa kuonja, aliuma nusu nzima, maji ya nyanya yakamtiririka kidevuni.

"Levi, tema!"

Akanitabasamia, mashavu yamejaa. "Tamu!"

"Tema! Tema nimekuambia!"

Alidhani naionea nyanya choyo. Akaendelea kutafuna huku akinikonyeza. Hapo akili zilinitoka. Nilimrukia, mimi mama wa watu wazima, nikamshika kidevu, nikamtia vidole mdomoni mbele ya kikundi kizima nikichokonoa nyanya. "Si maji ya baraka! Ni dawa! Nimepiga dawa ya ukungu, nimeinunua Katangi, ni siku tatu tu, Levi, tema, usife, tafadhali tema!"

Akatema.

Musili alikuwa amengoja saa hiyo miaka miwili, ila ilipofika alisahau kuifurahia. Aliyekimbia kuleta maji ni yeye. Levi alisukutua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtungi ukaisha. Kavindu alibaki akiuliza, "Na ule msalaba je? Na ule msalaba?" hadi mtu akamwambia anyamaze.

Niliwaeleza yote. Majivu, maziwa, pacha, tawi. Levi alinisikiliza amekaa juu ya jiwe, ndevu zikidondoka maji. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Kwa tawi?"

"Kwa tawi."

"Basi hukufikia hata chini ya majani," akasema. "Ungeniambia. Ningekupigia vizuri."

Huyu ni mtu aliyeacha kitu alichokipenda kwa ajili ya neno langu, nami neno lenyewe nilikuwa nimeliuza Katangi kwa pakiti mbili. Nilisimama pale nikalia kama mtoto, na hakuna aliyenigusa bega.

Nilivuliwa kiti hapo hapo, akakaa Musili. Na usidhani alilegeza sheria, wapi! Alisema swali lake lilikuwa swali tu, alitaka ajibiwe vizuri, na mimi ndiye nimemjibu vizuri kuliko wote. Kuhusu adhabu, alinionea huruma. "Amekiri mwenyewe, tumpe mwaka mmoja."

"Sheria inasema mitatu," akasema Levi kutoka kwenye jiwe lake.

Wakaandika mitatu.

Mume wangu hakuumwa hata tumbo, Mungu ni mwema. Hakunigombeza pia. Siku iliyofuata, mchana, nilimpikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nikauweka mezani na kijiko chake pembeni. Hakushika kijiko. Aliisukuma sahani polepole kupita katikati ya meza hadi ikagusa vidole vyangu.

"Anza wewe," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikachota, nikala, nikameza, naye akanitazama koo. Kisha akavuta sahani yake akala vizuri, akasema asante, chumvi imetosha.

Huu sasa ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Ugali, naanza mimi. Chai, naanza mimi. Hasira zangu unazijua, na siku ya kwanza ningeweza kuvunja sufuria, lakini nitamkasirikia nani? Jana nikaona nimtafutie kitu kisichoweza kutiwa chochote. Nikamchemshia yai, nikampelekea na ganda lake. Alilimenya taratibu, akalikata katikati, akanipa nusu.

"Hili ni la kula pamoja, ama la kuonja?" nikamwuliza.

"Kula tu," akasema Levi, ameshika nusu yake mkononi. "Mimi nangoja."